Familia ikisema "sisi hatuna shida naye"

Kuna familia nyingi ukiwauliza kuhusu ndugu yao shoga watakwambia sisi hatuna shida naye, ni damu yetu, anakuja anakula anaondoka, hakuna anayemsema. Na wengi wao wanamaanisha kabisa. Mi nimekulia kwenye familia kama hiyo, na mjomba wangu anapendwa jamani, akiumwa bibi halali. Ila huo upendo una sharti ambalo halijawahi kutamkwa na kila mtu analijua: asituambie. Yule mwanaume anayeishi naye miaka yote anaitwa rafiki, kadi ya harusi inaandikwa jina moja, na ikifika muda wa kupiga picha ya ukoo yeye ndo anapewa simu atupige. Anapiga vizuri, anatuambia sogeeni kidogo huku nyuma wanakatika, anarudisha simu. Nina picha za sherehe nyingi sana za familia yetu na hayupo hata kwenye moja, wakati zote amezipiga yeye.

Kwa muda mrefu niliona hayo ni mambo madogo, almuradi watu wanaishi kwa amani. Shida ni kwamba hiyo amani inategemea kila mtu awe mzima. Siku mjomba akipoteza fahamu nesi atauliza nani ndugu wa mgonjwa, nani anasaini, na hapo "rafiki" ataambiwa asubiri nje na mtu ambaye hajui hata mjomba anakunywa dawa gani ndo ataitwa ndani.

Kuna kesi moja ya Marekani huwa haitoki kichwani. Sharon Kowalski na Karen Thompson waliishi pamoja Minnesota, walishavishana pete, nyumba wamenunua wote wawili, ila kwao hakuna aliyeambiwa. Novemba 1983 gari la Sharon likagongwa na dereva mlevi, akaumia ubongo vibaya, kutembea hawezi, kuongea ni kwa shida kubwa. Karen akawa anashinda pale kitandani mpaka wazazi wa Sharon wakaanza kujiuliza huyu rafiki mbona haondoki, mwisho akaona bora awaambie ukweli, na hapo ndo vita ikaanza. Mwaka 1985 mahakama ikampa baba usimamizi wote wa mwanae na Karen akafungiwa mlango, zaidi ya miaka mitatu hawakuonana, wakati Sharon mwenyewe alikuwa anaweza kuchapa maneno kwa mashine na alichokuwa anasema ni kwamba anamtaka Karen. Ilibidi ifike Desemba 1991 ndo mahakama ya rufaa ikamkabidhi Karen jukumu la kumtunza.

Kinachoniuma zaidi kwenye hiyo kesi ni kwamba wale wazazi walimpenda binti yao. Sidhani kama kuna mzazi anayeamka asubuhi anapanga kumtesa mtoto aliyelala hajiwezi. Waliamini wanamlinda, na sheria ikawaamini wao kwa sababu kwenye macho ya sheria Karen alikuwa si mtu. Yaani familia inaweza kupenda na bado ikaumiza, ndo maana huwa sikubaliani na wanaosema hawa watu haki za kisheria za nini wakati familia zao zinawakubali. Kukubaliwa kwa hisani ya ndugu kunaweza kuondoka siku moja tu, bibi akishafariki, au mjomba mwingine mwenye sauti kubwa akishika usukani.

Halafu watu wakisikia ndoa ya jinsia moja wanafikiria shela na keki. Ukisoma kesi zenyewe ni vifo na makaratasi. Edith Windsor aliishi na Thea Spyer zaidi ya miaka 40, wakaoana Toronto 2007, Thea akafariki 2009 na serikali ya Marekani ikamtoza Edith kodi ya mirathi dola 363,053 ambayo mjane wa mwanaume asingedaiwa hata senti. Alishinda Juni 2013. Jim Obergefell yeye alikuwa anataka jina lake tu liandikwe kwenye cheti cha kifo cha mumewe John Arthur, jimbo la Ohio likagoma, na hiyo ndo kesi iliyofungua ndoa Marekani nzima 2015. Mtu amemuuguza mwenzake mpaka dakika ya mwisho halafu anapigania mstari mmoja kwenye cheti, hebu fikiria hilo.

Dunia kwa sasa imegawanyika vibaya. Uholanzi ilianza 2001, Afrika Kusini 2006 na mpaka leo ndo nchi pekee Afrika yenye ndoa hizo, Taiwan 2019, Thailand Januari 2025. India mahakama ya juu kabisa ya nchi ilikataa 2023 ikasema hilo ni la bunge. Na mwaka huohuo Uganda ikapitisha sheria yenye kifungo cha maisha kwa mapenzi ya jinsia moja. Mahali kama hapo hata mama anayempenda mwanae anaanza kupima maneno, anaogopa majirani, anaogopa kanisani au msikitini, anaogopa polisi, na mwisho anamwambia mwanae usije kwanza. Sitaki kumhukumu huyo mama. Ila nataka tuone kwamba sheria ndo imemweka pale, kwa sababu huwa tunasema jamii haijawa tayari kama vile jamii ni hali ya hewa.

Mwaka 1972 Jeanne Manford, mwalimu wa New York, aliandamana na mwanae Morty ambaye alikuwa amepigwa kwa sababu ya harakati zake za kutetea mashoga, akabeba bango la kuwaita wazazi wenzake waungane kuwatetea watoto wao. Watu wengi wakawa wanamsimamisha njiani wanamuomba akaongee na wazazi wao, na 1973 akaanzisha kikundi cha wazazi ambacho kipo mpaka leo. Wakati huo ndoa ya jinsia moja kwa watu wengi ilikuwa haiwaziki. Aliyafanya hayo kabla sheria ya nchi yoyote haijaruhusu ndoa hizo.

Kwa hiyo nimeshaongea na mama yangu, maana yeye ndo dada mkubwa na kaka zake wanamsikiliza. Nilimwambia mjomba akiwa bado ana nguvu zake aandike wosia, aandike nani amuamulie akiwa hajiwezi, na mafao yake yamtaje mwenzake kwa jina, na sisi tujue hayo maandishi yapo na tukubaliane mapema kwamba hakuna wa kwenda kuyapinga. Pale ambapo hakuna ndoa, hiyo ndo njia iliyobaki, na inasimama tu kama ndugu hawataivunja. Mama alinyamaza muda, halafu akauliza hiyo nyumba wanayokaa jina liko la nani. Nikamwambia la mjomba peke yake. Akasema basi tuanze na hilo la nyumba, wengine ataongea nao yeye.