Popi na miezi mitano ya damu ya pua

Nilianza kuiona ukutani: vitone vyekundu kwenye ukuta wa baraza, kimo cha kichwa cha mbwa, kana kwamba fundi rangi amekung'uta brashi. Usiku kucha Popi alikuwa akipiga chafya. Nikajua kajigonga getini.

Daktari wa mifugo hapa Arusha hakukimbilia kusema saratani. Alipima damu kwanza, maana huku kwetu mbwa akivuja damu puani, mshukiwa ni ugonjwa wa kupe. Hakuwa nao. Akaazima kioo kidogo cha mke wangu, akakisogeza puani: kulia kikapata ukungu, kushoto kikabaki kikavu. Tundu limeziba. Akamlaza kwa dawa ya usingizi, akakata kipande kidogo cha nyama ya ndani ya pua kikapimwe, huku akiomba iwe ile saratani ambayo mbwa huambukizana wakipandana au kunusana, kwa kuwa ile huponywa kwa sindano za vinkristini za kila wiki.

Haikuwa ile. Ilikuwa kasinoma, saratani inayoanzia kwenye utando wa ndani ya pua.

Tiba yake kubwa ni mionzi, naye hakuwa na pa kutupeleka. "Kaka, hapa ni tiba shufaa. Tutamstarehesha, hatutamponya." Akanitajia utafiti wa 2006 wa mbwa 139 wasiotibiwa: nusu yao hawakuvuka siku 95 hivi tangu ugonjwa ujulikane. Popi alikuwa na miaka 10.

Alipopima figo na kuridhika, alimwandikia piroksikamu, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, miligramu 10 mara moja kwa siku kwa kilo zake 32, akishakula, pamoja na omeprazoli ya kulinda tumbo. Wiki ya pili nikataka kumwongezea prednisoloni, vidonge vya steroidi vilivyobaki vya mbwa wa jirani. Bahati nzuri nilipiga simu kwanza. Nilifokewa! Hizo mbili zikikutana zinatoboa tumbo. Kinyesi kikiwa cheusi kama lami, acha dawa umlete.

Halafu akasusa chakula. Mimi nawaza maumivu, kumbe hasikii harufu. Mama ndiye aliyegundua: alipasha mchuzi wa dagaa hadi mvuke ukapanda, bila kitunguu, akaumwagia kwenye ugali. Popi akalamba hadi sahani ikahama jikoni.

Damu ndiyo iliyonitesa. Mara ya kwanza iliyotoka nyingi niliwasha taa zote, watoto wakapiga kelele, naye akahangaika ikazidi. Baadaye nikajifunza: taa zima, watu nje, barafu ndani ya kanga juu ya mfupa wa pua, mkono wangu kifuani mwake mpaka atulie. Ikikataa, kuna matone ya adrenalini aliyotuachia daktari, na alituonyesha mwenyewe namna ya kuyatia. Majirani walicheka, "mbwa tu huyo". Sikuwajibu.

Kwenye kalenda ya duka la pembejeo niliweka alama kila siku aliyotoka kwenda getini kumbwekea muuza maziwa. Ndicho kilikuwa kipimo changu. Miezi minne ilijaa alama. Wa tano zikaanza kupungua, uso ukavimba chini ya jicho la kushoto, na siku nne zikapita tupu.

Nikamwita daktari aje nyumbani. Popi alichomwa sindano barazani, kivulini, kichwa kikiwa mapajani mwa mama.

Kesho yake muuza maziwa alisimama getini, akachungulia, akauliza mbona kimya.