Siku ya mpiga picha wa harusi: mwanga ndio kazi yenyewe

Watu husema mpiga picha anabonyeza tu. Haya, tuanze.

Saa 1 asubuhi betri ziko kwenye chaji, lenzi zinafutwa, studio inafunguliwa. Hadi saa 5 ni pasipoti tupu: mteja mita moja na nusu mbele ya ukuta mweupe ili kivuli kisimfuate, taa mbili za nguvu sawa kushoto na kulia. Bapa kabisa. Picha ile haitakiwi kusema lolote juu ya mtu, ila kwamba ndiye.

Mchana huja wa mabango. Mgombea huwekewa taa moja ya upande, nyuzi 45, juu kidogo ya macho. Shavu la pili linabaki na kijipembetatu cha mwanga, sura inapata uzito. Taa hiyo hiyo ukiishusha chini ya kidevu, umemfanya jambazi.

Saa 9, bibi harusi. Hapa ndipo jasho. Kipima mwanga cha kamera hutaka kila kitu kiwe kijivu. Gauni jeupe likijaza fremu, kamera inabana mwanga: gauni linatoka la majivu, uso unazama. Ukipima uso peke yake, ngozi nyeusi sana inapauka. Punguza stopu moja, yaani nusu ya mwanga. Uso bado mzito na gauni linataka kuungua, weupe umeze mikunjo yake? Usiguse kamera. Inua softiboksi, ile taa yenye boksi la kitambaa la kulainisha mwanga, ielekeze usoni, gauni liguswe na ukingo wake tu.

"Mwanangu, mng'arishe, awe mweupe mweupe."

Shangazi hakosekani, na kumweleza huchukua muda kuliko kupiga. Ngozi nyeusi hupendezeshwa na mng'ao, si kupaushwa. Flashi tupu huacha vidoa vya jasho kwenye paji. Taa pana ya sentimita 120, ikikaa mita moja tu, hutandaza mng'ao mmoja laini juu ya shavu. Simlaumu sana. Maabara za picha za rangi kwa miaka mingi zilisawazisha rangi kwa kadi ya mfano ya Kodak, watengeneza filamu, yenye picha ya mwanamke mzungu, mafundi wakiiita Shirley. Sisi tukatoka macho na meno, tukaamini kosa ni la ngozi.

Ukumbini saa hazihesabiki tena. DJ kawasha LED za zambarau, na rangi ambayo taa haikutoa, kompyuta hairudishi. Shata ya kamera iwe wazi sekunde 1/60 ili ukumbi uonekane, flashi ipigwe kwenye mwavuli na si darini, maana dari ya mbao ingerudisha unjano usoni. Keki inakatwa, mgongo unawaka moto, na shangazi kasimama mbele ya lenzi na simu yake, tochi imewashwa.