Ayi anasema hana dini

Ijumaa yangu ya kwanza hapa Quanzhou, China, nilikwenda kuswali Msikiti wa Qingjing, uliojengwa mwaka 1009. Ukumbi wake wa kale hauna paa tena, kuta za mawe tu zimebaki. Nilinusa udi tangu barabarani nikadhani unafukizwa msikitini. Kumbe unatoka hekalu la jirani, la Guan Yu, jemadari wa zamani anayeheshimiwa kama mungu kwa uaminifu wake.

Mama mwenye nyumba wangu, ninayemwita Ayi, yaani mama mdogo, huenda hekaluni hapo kila tarehe mosi na 15 ya mwezi mwandamo. Nilimuuliza dini yake. "Sina dini," akanijibu, huku akipanga machungwa mbele ya picha za wakwe zake marehemu.

Jibu lile lilinisumbua sana. Siku moja akanichukua hekaluni. Mwanawe alitaka kuacha kazi afungue duka la chai, na Ayi alitaka kumwuliza Guan Yu. Mimi dini yangu hainiruhusu kufukiza, nikasimama mlangoni nimemshikia kikapu. Alishika vipande viwili vya mti vilivyopinda kama hilali, upande mmoja bapa, wa pili umebenuka. Akanong'ona, akaviangusha. Kimoja kikilala bapa juu na kingine mbenuko juu, jibu ni ndiyo. Vyote vilionyesha bapa: mungu amecheka, swali halijanyooka. Akaliuliza upya. Vyote mbenuko juu: hapana. Akaviokota taratibu, na jioni akampigia mwanawe amwambie asubiri.

Zamani ningesema huko ni kuchanganya dini. Sisemi tena. Kwa Ayi, dini ni kujiunga na watu wa kitabu kimoja, kama mimi. Yake anayaita wajibu. Heshima kwa wazazi, wakiwa hai au wamekufa, ni fundisho la Confucius, mwanafikra wa kale wa China, alilolelewa nalo. Akifiwa huita watawa wa Budha wasome sala, na haoni ugomvi wowote hapo.

Mwezi wa nne, siku ya Qingming, tulipanda kilimani na ufagio na panga kusafisha makaburi ya wakwe zake. Akafyeka majani, akapanga chakula, akangoja marehemu wamalize kula kwanza, kisha ndipo familia ikala. Mimi akanimenyea chungwa.

"Kaburi la baba yako, nani analifagia?" akaniuliza.

Nikamwambia mdogo wangu, kule Pangani, kila Ramadhani ikikaribia.

"Mpigie simu leo," akasema.