Shiti ndefu bila kuumiza macho
Excel inakupa safu (mistari ya kulala) 1,048,576 kwa shiti moja, sasa ukishuka mpaka safu ya 900 vichwa vya juu vimeshapotea, hujui hii namba ni bei au ni idadi, unapanda unashuka kama mwehu. Mi nilihangaika hivyo miaka, kumbe dawa ni ndogo tu: bofya seli B2 (kisanduku cha kolamu B, safu ya 2), nenda View, chagua Freeze Panes, basi safu ya 1 na kolamu A zinaganda hapohapo hata uskroli vipi. Ukibofya A1 usishangae, itagandisha katikati ya skrini 😅

Halafu Ctrl+F1 inakunja ile menyu ya juu, unapata nafasi. Kupunguza zoom mpaka 50% ili shiti yote ionekane? Hapana aisee, bora ufiche kolamu usizotumia.