Huyo hamuulizi kitu

Dada ameposwa Jumamosi, kazini tumeshahamia Upper Hill, lakini wiki nzima kichwani mwangu limekaa neno moja la Baba.

Tulikuwa kwenye ile riwaya ninayomsomea baada ya Isha, ya mwanamke aliyenusurika ajali ya treni. Halali, hapandi gari, mpaka jirani anamwachia mbwa mzee. Nilipofika pale mbwa anapojilaza mlangoni pake usiku kucha, Baba akasema, "Soma tena hapo." Nikasoma. Akanyamaza. Nikamuuliza, "Umepapendea nini, Baba?"

"Huyo hamuulizi kitu."

Basi. Akaomba chai.

Mnamjua Baba. Tarehe 7 Agosti 1998 alikuwa miongoni mwa waliokimbilia dirishani kwa ule mlipuko mdogo wa kwanza, kabla ya bomu lenyewe la ubalozi wa Marekani hapa Nairobi, na vioo vikamaliza macho yake. Kila Agosti watu humjia: ulisikia nini, nani alikutoa, umewasamehe? Huwajibu kwa adabu, kisha usiku upepo ukibamiza mlango yuko wima. Sasa alikuwa akiwasema wao, au mimi niliyetoka kumuuliza swali papo hapo? Nalirudia neno lake ndani ya matatu, nalirudia kwenye foleni ya benki. Angelisema kwa hasira ningejua pa kulishika. Alilisema kama mtu anayetaja saa.

Mama aliposikia habari za mbwa akatukumbusha kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Baba akamwambia, "Mama watoto, watu wa pangoni katika Suratul Kahf walikuwa na mbwa wao, na walipohesabiwa naye alihesabiwa. Tena alilala kizingitini, hakuingia ndani." Mama akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso! Sijamsikia akicheka hivyo tangu Ramadhani.

Na Alhamisi narudi kazini, namkuta Baba ameketi getini kando ya askari, kanzu ameikunja magotini isiguswe, na yule mbwa wa ulinzi amelala hatua moja kutoka fimbo yake. Lori likapita, ekzosi ikalipuka. Mbwa akainua kichwa, akakirudisha chini. Baba hakusimama. Hakusimama, jamani! Nikaomba kiti kwa askari, nikaketi nao hadi adhana ya Magharibi.

Riwaya imebaki sura mbili. Nimezichungulia na sikuzipenda: mwanamke anapanda treni ukurasa wa mwisho, mwepesi, hana hata jasho mikononi. Mwandishi alikuwa na subira nzuri kurasa zote zile, kwa nini akaharakisha? Bado sijaamua kama nitamsomea Baba mwisho huo au tutakomea mlangoni.

Na maji hayajaja South C tangu Jumatatu. Wakwe watarajiwa wanarudi Jumapili kuzungumzia mahari, watu si chini ya ishirini, na tangi limebaki robo.