Siku yangu moja na silani, Dar ikiwa masika

Saa 2 asubuhi. Kabla hata ya kuvaa koti la maabara nachungulia kipima unyevu ukutani. Asilimia 78, na kiyoyozi kinanguruma. Kwa kazi ya leo namba hiyo ndiyo inayopanga ratiba: napaka vioo vya hadubini APTES ili vishike DNA. Hiyo ni silani, yaani kemikali ya silikoni inayojifunga kwenye kioo, na mkiani ina amini, kikundi chenye nitrojeni.

Saa 2:30. Kuosha vioo kwa "piranha": asidi ya salfuriki sehemu 3, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 30 sehemu 1. Peroksaidi ndiyo inayomiminwa kwenye asidi, taratibu, wala si kinyume chake. Bika inachemka yenyewe bila jiko. Asetoni na ethanoli nimeshazitoa kwenye kabati la kuvuta mvuke ninamofanyia kazi hii, maana zikikutana na mchanganyiko huu ni mlipuko.

"Dada, kwani sabuni haitoshi?" ananiuliza mwanafunzi wa mazoezi.

"Sabuni inaondoa mafuta ya vidole tu, mdogo wangu. Sisi tunataka kioo kijae vikundi vya OH, yaani oksijeni na haidrojeni, silani ipate pa kushika."

Saa 5. Vioo vimesuuzwa, vimekaushwa kwa nitrojeni. Sasa ndipo penye kazi. Silani inahitaji maji kidogo ili iachie ethanoli na kujifunga kwenye kioo. Ule utando mwembamba wa maji uliopo juu ya kioo unatosha. Yakizidi, molekuli zinashikana zenyewe kwa zenyewe kabla ya kufika, unapata madonge kama ya uji uliokorogwa vibaya. Kwa hiyo masika nafanyia ndani ya mfuko wa nitrojeni, tolueni, kiyeyushio changu, iwe kavu, APTES naivuta kwa sindano kupitia kizibo cha mpira. APTES asilimia 2 ndani ya tolueni, vioo vinakaa humo saa nzima.

Chakula cha mchana: wali maharage, haraka.

Saa 8. Suuza kwa tolueni, kisha ethanoli, halafu oveni nyuzi 110 kwa nusu saa.

Saa 9:30. Tone la maji. Kwenye kioo kilichooshwa tu linatandaa kabisa, pembe kati ya ukingo wa tone na kioo ikiwa chini ya nyuzi 10. Hapa limesimama kwenye 57. Napima kila kona, kwa sababu wastani mzuri unaficha utando wenye mabaka. Kisha nakiinua kioo kwenye mwanga: chenye ukungu mweupe hakitoki humu ndani, hata pembe yake ikipendeza vipi.

Saa 11. Vioo vilivyo vizuri vinaingia kwenye chombo cha kukaushia. Juu ya kisanduku nimewaandikia wenzetu wa DNA: vitumieni wiki hii, amini hunyonya kabonidayoksaidi ya hewani.