Nilivyoipa treni yangu sauti ya 93 kwa spika ya simu

Nilipotaka treni yangu ndogo ya mezani itoe sauti, ushauri niliopewa mara nyingi kuliko wote ni kununua dikoda ya bei ya juu, ile chipu ya ndani inayopokea amri na kutoa sauti, eti mengine yatajipanga yenyewe. Unaofuata ni wa yule jamaa anayeshikilia kwamba dizeli ni dizeli, weka sauti yoyote. Wote wawili hawajawahi kuishi Makadara, Nairobi. Sisi tuliolelewa kando ya reli tunaitambua injini kabla haijapiga honi, kwa hiyo usituletee sauti ya kubahatisha.

Mimi nilitaka 93. Zile injini za dizeli aina ya U26C za General Electric (GE) ambazo shirika letu la reli lililetewa miaka ya 1970, na ambazo nimezisikia zikivuta mabehewa tangu nikiwa msichana. Modeli yake ya kununua sikuipata, basi nikachukua modeli kuukuu ya U25C, GE nyingine ya Kimarekani, kipimo cha HO, yaani ndogo mara 87 kuliko halisi, nikakata hapa, nikabandika pale, nikapaka rangi. Ukiitazama kwa mbali na ukiwa na roho nzuri, ni 93.

Kwenye sauti ndipo wajuaji walipojitokeza. Muuzaji wa ng'ambo akaniambia, modeli ni U25C, chukua sauti ya U25C. Inaingia akilini mpaka ukumbuke kwamba U25C ilikuwa na injini ya FDL ya silinda 16, na 93 ina FDL hiyohiyo ila ya silinda 12. Mwingine akanisukumia sauti ya EMD 645, injini ya kampuni nyingine, kwa sababu ndiyo inayouzwa sana. Hapo nilikasirika. EMD ile ni ya tu-stroki, silinda zake 16 zote zinawaka ndani ya mzunguko mmoja wa krenki. GE ni ya foo-stroki. Ikiwa na silinda 12, mzunguko mmoja unawasha sita tu. Ndiyo maana EMD inavuma mfululizo, lakini 93 ikisimama stesheni unakaribia kuyahesabu mapigo yake, dhu, dhu, dhu, na bati la kibanda cha muuza mahindi linatetemeka nayo.

Kwa hiyo nilitafuta sauti ya injini, si ya jina lililoandikwa ubavuni. U23B ya Marekani ina ekseli nne tu na haina sura ya 93 hata kidogo, ila ndani yake kuna FDL ya silinda 12. Nikaagiza dikoda ya LokSound 5 iliyopakiwa sauti ya FDL hiyo ya silinda 12, bila spika. Pamoja na usafiri na ushuru ilinila elfu ishirini na kitu. Mume wangu anajua ni kumi.

Spika sasa. Rafiki yangu mmoja wa treni hizi ndogo alinipa spika ya duara, akaapa kwamba ukubwa ndio unaoleta besi. Nikaiunga vilevile ilivyo, uchi, nikaiweka mezani. Ikalia sauti nyembamba ya puani. Sababu ni kwamba spika inasukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja, na mawimbi ya nyuma yakizunguka kukutana na ya mbele yanafutana, hasa ya besi. Bila kisanduku kilichozibwa nyuma hakuna spika itakayokusaidia, iwe ya elfu tano. Na hiyo ya duara, hata ningeijengea kisanduku, bodi ya treni isingefunga.

Nikashuka mjini, Luthuli Avenue, kwa kijana anayetengeneza simu kwenye meza yenye upana wa sinia. Nikamwomba spika ya chini ya simu iliyokufa, ile ya mstatili.

"Ya simu gani, mama?"

"Si ya simu. Ya treni."

"Ile ya Mombasa?"

"Ya mezani kwangu."

Alinitazama, akamtazama mwenzake, akanimwagia bakuli zima la spika nichague. Nilienda na maltimita yangu ya kupimia umeme mkobani. Ukipima ukinzani ukaona inasoma saba na kitu, hiyo ni spika ya omu 8, na LokSound 5 inakubali kuanzia omu 4. Zilizosoma moja au zisizosoma kitu nilimrudishia. Nikaondoka na tatu kwa mia mbili, na kipande cha ile tepu ya njano isiyoungua akanipa bure, nafikiri kwa kunihurumia.

Kisanduku nilikijenga kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Plastiki yake ni ngumu, haitetemeki ovyo, na inakatika vizuri kwa wembe ukiichora mara kadhaa kisha ukaivunja. Kuta nne, mgongo mmoja, supaglu kwenye kila kona, na tundu la waya nikaliziba kwa tone la gundi. Kujua kama pameziba sawasawa, bonyeza utando wa spika taratibu kwa ncha ya kidole halafu uachie: ukirudi polepole, hewa haitoki. Wangu ulirudi kwa uvivu mzuri sana. Nilipoiunga mara ya pili, dada yangu aliyekuwa jikoni aliuliza ni lori gani limeegesha nje. Spika ya sabini, jamani.

Kuunga waya sitaeleza sana, karatasi ya dikoda inasema yote. Jambo la kufa na kupona ni moja: kwenye modeli za zamani kama yangu, mguu mmoja wa mota unachukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye fremu. Uukate, uzungushie tepu, na maltimita ithibitishe kwamba mota na fremu havijuani tena.

Halafu kuna balbu. Kuna fundi aliyeniambia nichomeke tu, eti dikoda za siku hizi zinajilinda. Zinajilinda, ndiyo, lakini si kwa pesa zangu. Nilipita Kirinyaga Road nikanunua balbu ya paking ya gari, volti 12, wati 5, nikaiunga katikati ya waya mmoja unaopeleka umeme kwenye reli ya majaribio. Injini ikiwa sawa, balbu inamulika kidogo sana au haimuliki kabisa. Kukiwa na shoti, balbu ndiyo inayoubeba umeme badala ya dikoda. Na kweli: taa sawa, sauti sawa, nilipofungulia mwendo balbu ikawaka kwa nguvu. Waya wa rangi ya machungwa, wa mota, ulikuwa umebanwa chini ya skrubu ya fremu na ngozi yake imechubuka. Bila balbu ile ningekuwa nimechoma elfu ishirini, na mume wangu angejua si kumi.

Baada ya hapo ni raha. LokSound inaweza kujifunza mota yenyewe: unaweka CV 54 (CV ni namba za mipangilio ya dikoda) iwe 0, kisha unabonyeza kitufe cha F1 kwenye kidhibiti. Ila ujue kwamba injini inaruka mbele ghafla kwa mwendo wake wote. Reli yangu iko juu ya mlango wa zamani uliolazwa kwenye stuli, kwa hiyo mpwa wangu alisimama mwisho wa mlango na mto wa kochi, akawa golikipa. Aliidaka. Tangu siku hiyo inatambaa bila kushtuka.

Sauti ya jumla iko CV 63, na inapanda mpaka 192. Mimi nimeishusha hadi karibu 60, kwa sababu chumba changu si stesheni. F1 yenyewe kwa kawaida ni kengele, mambo ya Wamarekani. Sijawahi kusikia 93 ikipiga kengele Makadara, nikaizima. Na ufute reli kwa spiriti ya kemisti, vumbi la Nairobi linakata sauti katikati ya mapigo.

Inayofuata ni Garratt ya daraja la 59, injini ya mvuke, ile iliyotengenezwa na Beyer Peacock kule Manchester. Moja yake, namba 5918, iko kwenye jumba la makumbusho la reli hapa mjini. Ina seti mbili za silinda zinazolishwa mvuke na boila moja, na pumzi zake zinapishana kisha zinakutana tena, kwa hiyo dikoda isiyoweza kupiga pumzi mbili sitaigusa. Kijana wa Luthuli nimeshamwambia aniwekee spika nyingine mbili.